Karo Pekee Haitoshi: Ufadhili wa Mafunzo kwa Watu Wenye Ulemavu

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nchini Kenya, methali hii hudhihirika kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa. Magazeti huchapisha picha ya mwanafunzi asiyeona au anayetumia kiti cha magurudumu aliyefaulu vyema, wahisani hujitokeza, harambee huandaliwa na karo ya muhula wa kwanza hupatikana. Jambo hili ni la kutia moyo. Hata hivyo, masomo ya chuo huchukua miaka miwili, mitatu au minne, ilhali huruma ya umma aghalabu haidumu hata mwaka. Isitoshe, kwa kila mmoja anayepigwa picha, wapo wengine waliofaulu mtihani uo huo bila kamera kuwafikia. Elimu ya mwananchi haifai kutegemea moyo wa mtoaji.

Kisheria, suala hili liliondoka katika uwanja wa hisani zamani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilikataza mtu kunyimwa nafasi ya masomo kwa sababu ya ulemavu wake pekee, ikaunda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu pamoja na hazina maalumu ya maendeleo yao. Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inawapa haki ya kufikia taasisi za elimu, kutumia lugha ya ishara na breli, na kupata vifaa vya kukabiliana na vikwazo vinavyotokana na ulemavu. Mnamo 2025, sheria ile ya 2003 iliipisha sheria mpya. Sheria, basi, zipo. Kinachopungua ni fedha zinazolingana na maneno yake.

Pengo hilo huonekana bayana katika ajira. Katiba inataka angalau asilimia 5 ya wanachama katika nyadhifa za umma za kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu, utekelezaji ukifanywa hatua kwa hatua. Kadhalika, mfanyakazi mwenye ulemavu aliyeidhinishwa husamehewa kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya mwezi. Haya ni manufaa makubwa, lakini humfikia tu aliyekwisha kupata kazi. Mtu asiye na shahada, stashahada wala cheti cha ufundi hana mshahara wa kusamehewa kodi. Nafasi aliyotengewa hubaki wazi, na mwajiri hujitetea kwa urahisi kuwa alitangaza kazi asimpate mwenye sifa. Asilimia 5 pasipo mafunzo ni kiti kilichowekwa darini bila ngazi.

Tatizo la msingi ni namna gharama ya masomo inavyohesabiwa. Aghalabu basari hutolewa kwa kuuliza swali moja: mzazi ana uwezo gani wa kulipa karo? Chukua mfano wa vijana wawili wa kijiji kimoja, familia zao zikiwa na kipato sawa, waliojiunga na kozi moja. Wa kwanza anasikia, wa pili hasikii. Wote wakilipiwa karo, wa kwanza ataingia darasani na kuanza masomo. Wa pili ataingia darasa lilo hilo, aone midomo ya mhadhiri ikicheza, asiambulie lolote mpaka apatikane mkalimani wa lugha ya ishara. Mkalimani huyo atahitajika katika mihadhara, semina na mijadala ya vikundi kwa miaka yote ya kozi. Vivyo hivyo, asiyeona huhitaji vitabu vya breli au tarakilishi yenye programu ya kusoma maandishi kwa sauti, na anayetumia kiti cha magurudumu huhitaji malazi karibu na madarasa, au teksi pale matatu isipomchukua. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachoandikwa katika ankara ya karo.

Wapo wanaosema kuwa mwanafunzi wa aina hii anaweza kukopa kutoka kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Ikumbukwe kwamba mkopo ni deni. Mhitimu anayesikia atalipa deni la karo na chakula; mwenzake atalipa hayo na kuongeza gharama ya kumwelewa mwalimu wake. Ujira wa mkalimani na gharama ya breli na vifaa saidizi unafaa kuwa ruzuku, tena ilipwe kwa chuo chenyewe, ili chuo kiwaajiri wakalimani kama kinavyowaajiri wakutubi. Hakuna mwanafunzi anayetakiwa kumlipa mkutubi mshahara.

Vyuo vya kiufundi vinastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwani si kila mtu atakwenda chuo kikuu. Zipo taasisi mahususi, mathalani ile ya wasioona mjini Machakos, ile ya wasiosikia mtaani Karen jijini Nairobi, na ile ya Sikri katika kaunti ya Homa Bay inayowahudumia wote. Kazi yao ni ya kusifika, lakini taasisi hizi ni chache, na kijana wa Mandera au Kwale huanza na gharama ya safari ndefu. Fauka ya hayo, kwa muda mrefu mafunzo ya watu wenye ulemavu yamehusishwa na kazi chache kama vile ushonaji, useremala na ufumaji. Ufadhili unafaa kumfuata mwanafunzi hadi chuo kilicho karibu na kwao, katika kozi aliyoichagua mwenyewe, na umpe vifaa vya kuanzia kazi anapohitimu. Cherehani isipopatikana, cheti cha ushonaji hubaki karatasi ukutani.

Pingamizi kubwa ni kwamba fedha hazitoshi, na kwamba vijana wengi wasio na ulemavu nao wamekwama kwa karo. Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, watu wenye ulemavu walikuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi, yaani takriban laki tisa, na wanaofuzu kujiunga na vyuo kila mwaka ni sehemu ndogo tu ya idadi hiyo. Mkalimani mmoja huweza kuwahudumia wanafunzi kadhaa darasani, mashine moja ya kuchapisha breli hutumika kwa miaka mingi, na zipo programu za kusoma skrini zinazotolewa bila malipo. Gharama ya kutowafunza nayo ipo, ila haiandikwi katika bajeti ya taifa. Hubebwa na mama au dada aliyeacha shughuli zake ili amtunze ndugu ambaye angeweza kujitegemea.

Kabla hujafa hujaumbika. Ajali moja barabarani yaweza kumfanya mbunge anayejadili bajeti leo kuwa mhitaji wa huduma hizi kesho. Basi bajeti ya elimu itenge fungu linalojulikana la wakalimani, breli na vifaa, na kila chuo kieleze hadharani kililitumiaje. Ahadi ni deni, na deni hulipwa kwa fedha.