Muhuri wa Mwenyekiti na Maji ya Bondeni

Ndugu zangu wa Tukuyu, Kiwira, Katumba, Masoko na Rungwe nzima, mvua tumejaliwa. Ziko sehemu za wilaya hii zinazopata zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, ilhali wenzetu wa Dodoma hupata kiasi cha 600 na wakashukuru. Neema hiyo imetulevya. Tunaishi kama watu wasioweza kuishiwa maji, na mtu akifukia kipande cha bonde ili ajenge, tunapita tukimpongeza kwa maendeleo. Leo nataka tusemezane juu ya jambo hilo bila kuoneana haya.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mlima Rungwe na wenzake walitumwagia majivu na mawe mepesi ya volkeno, na ndiyo maana migomba yetu inastawi. Udongo wa namna hiyo hunywa maji. Mvua inyeshayo kule juu msituni haiteremki yote juujuu. Nyingine huzama, husafiri chini kwa chini, kisha huibuka mabondeni. Hapo inapoibuka ndipo penye chemchemi, matete, magimbi na tope lisilokauka. Wataalamu wanapaita ardhi oevu, nasi wengine twasema kinamasi tu. Masika kinamasi hupokea maji na kuyapunguza kasi. Kiangazi huyaachia kidogo kidogo, na kwa sehemu ndicho kinachotufanya tuione mito ya Kiwira na Mbaka ikitiririka Septemba, mwezi ambao mito mingi ya nchi hii imebaki mchanga mtupu.

Kifukie kwa kifusi, na kazi zote mbili zimekoma. Maji yenyewe hayakomi. Yataingia sebuleni kwa jirani wa chini, yatachimba barabara, yatateremka na tope letu hadi Kyela, ambako ndugu zetu hufikiwa na mafuriko huku sisi wa juu tukiwasikitikia redioni.

Sasa tazameni jinsi kiwanja cha bondeni kinavyouzwa. Huuzwa kiangazi. Mnunuzi ni kijana wetu aliyeko Mbeya au Dar es Salaam, ana haraka, likizo yake inakwisha. Anaonyeshwa tambarare yenye majani mabichi wakati kilima chote kimefifia rangi. Anakipenda kwa ule ubichi, wala haulizi unatoka wapi. Laiti angeazima jembe! Achimbe shimo la kina cha mkono mmoja. Udongo ukitoka mweusi kama masizi, au wa kijivu wenye madoa mekundu ya kutu, ukanuka kama yai viza, na baada ya muda maji yakaanza kujikusanya chini ya shimo, basi hapo pana mwenyewe, naye ni maji. Shimo hilo halina gharama. Msingi ukishapasuka, hakuna fundi atakayemrudishia fedha zake.

Badala ya shimo huja tipa. Linamwaga kifusi, halafu moramu, halafu greda linasawazisha. Nyumba inapanda, na siku hizi nyumba peke yake haitoshi: ua mzima lazima utandikwe vitofali vya saruji, pembeni ioteshwe nyasi ya kununua, kisha uzungushwe ukuta unaokatiza mkondo wa maji, umetobolewa bomba jembamba lisiloweza kupitisha hata mvua ya nusu saa. Watu hudhani kupamba ua si ujenzi. Kwa maji, ua uliosakafiwa na paa la bati ni kitu kimoja; hakuna kinachozama, yote hukimbia.

Mtasema, Serikali ipo. Ipo, na sheria zipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinaziweka ardhi oevu na kingo za mito katika kundi la maeneo yanayoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi. Lipo Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, na ipo Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa. Lakini tuwe wakweli. NEMC hukagua kiwanda, barabara na hoteli kubwa. Haiwezi kusimama nyuma ya kila nyumba ya vyumba vitatu inayochimbiwa msingi Ijumaa jioni, ofisi zikiwa zimefungwa. Tena hizo mita 60 hupimwa kutoka ukingo. Kwenye kinamasi kisicho na mto unaoonekana, mjenzi atakuuliza ukingo uko wapi, na wewe mwenye haki utabaki umekodoa macho.

Pengo hilo ni la kijiji na mtaa kuliziba. Sheria hiyo hiyo ya mazingira inataka tuwe na kamati za mazingira hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Halmashauri ya kijiji, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, inaweza kutunga sheria ndogo, ikapata maoni ya mkutano mkuu, na Halmashauri ya Wilaya ikaziidhinisha. Sheria ndogo inaweza kufanya lile ambalo Bunge haliwezi: kukitaja kinamasi kwa jina lake. Iseme chemchemi fulani, kutoka mwembe ule hadi daraja lile, hapajengwi, hapamwagwi kifusi, hapapandwi milingoti. Dodoma hawaujui mwembe huo. Sisi tunaujua.

Nani basi aanze kuulizwa? Nasema ni mwenye muhuri. Hakuna kiwanja cha bondeni kinachouzwa gizani. Pana karatasi ya mauziano, pana mashahidi, na mwisho wake pana muhuri wa kijiji au mtaa. Mahali pengi nchini mwenyekiti au mtendaji hupewa asilimia kumi ya bei ili agonge muhuri huo, desturi isiyo na mguu katika sheria, nasi tumeizoea hata tunaiita haki yake. Mtu anayepata fungu kila bonde linapouzwa, tumemweka alilinde bonde lisiuzwe! Hapo ndipo usimamizi wetu unapofia, mapema kabisa, kabla fundi hajashika mwiko. Mwenyekiti mwadilifu angekwenda kwanza kwa miguu hadi kwenye kiwanja, na mjumbe mmoja wa kamati ya mazingira, na lile jembe nililolitaja. Asipokwenda, wanakijiji wana mkutano mkuu wa kumhoji.

Wazee wetu hawakuwa na NEMC. Walikuwa na misitu ya matambiko, kama ule wa Lubaga kwa Lwembe, mtawala wa kimila, ambako mtu hakuingia na shoka kwa mchezo. Sisemi turudi kwenye kuogopa mizimu. Nasema wao walijua mpaka uko wapi bila kuonyeshwa na mpimaji, na kila aliyeuvuka alionekana na jirani zake siku hiyo hiyo. Kuonekana huko ndiko tulikokupoteza. Leo tunaona tipa la kwanza, tunanyamaza; la kumi, tunanong'ona; nyumba ikifika lenta, ndipo tunapoandika barua kwa Mkuu wa Wilaya.

Kunyamaza kuna bei, na Dar es Salaam wameilipa. Bonde la Msimbazi lilijengwa hivyo hivyo, kiwanja kimoja kimoja. Desemba 2011 mvua ilinyesha, zaidi ya watu 40 wakafa, na waathirika wengine wakapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Wengi walibaki bondeni, wengine wakarudi. Mwishoni mwa 2015 ikaja alama ya X nyekundu ukutani na tingatinga nyuma yake, watu wakakesha nje na watoto na makochi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilipitisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hilo hilo. Tukuyu ni mji mdogo. Hakuna atakayetukopesha kiasi hicho kwa ajili ya bonde letu.

Najua jibu la wengi: ardhi imekwisha, vijana wajenge wapi? Ni jibu zito, sitalipuuza. Vilima vyetu vimejaa migomba, chai na maparachichi, na familia zimegawana hadi hatua za mwisho. Lakini kumpa kijana kinamasi si kumpa kiwanja. Ni kumpa deni. Vijiji vipange maeneo ya makazi mahali palipoinuka, nyumba zikaribiane kidogo, na bonde libaki la magimbi, mboga za kiangazi na majani ya ng'ombe, ambayo yote yanaleta fedha bila saruji. Na sheria isiwe ya mnyonge peke yake. Ofisi ya umma au nyumba ya ibada ikitaka kujengwa bondeni kwa kuwa ardhi ilikuwa ya bure, kamati iende na jembe lile lile.

Mafundi nanyi mna sehemu yenu. Ninyi ndio wa kwanza kuona maji yakijaa kwenye mtaro wa msingi, na badala ya kumwambia tajiri ukweli mnamwambia aongeze mawe. Mwambieni.

Mkutano mkuu ujao wa kijiji au mtaa wako, simama uombe mambo matatu yaandikwe kwenye muhtasari: orodha ya vinamasi na chemchemi zote kwa majina, vigingi kuzizunguka kabla ya mvua za Novemba, na marufuku ya kugonga muhuri kwenye mauziano ya kiwanja ambacho kamati haijakikanyaga. Kisha omba nakala ya muhtasari huo, ukae nayo nyumbani.