Karatasi Tuliyowashia Moto

Hapa Ulemo tumezoea kuwashia kuni karatasi yoyote iliyokwisha kutumika. Muhula uliopita mwanetu alirudi shuleni akakuta katuni zake zimekuwa majivu. Hakulia, ila aliacha kuchora.

Gado, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na kuanza kuchorea gazeti la Nation, Nairobi, mwaka 1992, naye alikuwa mtoto wa mama. Gazeti huchapwa kwa maelfu, bali mchoro wenyewe wa mkono ni mmoja tu. Ndiyo maana Ulaya wakusanyaji huununua kwa fedha nyingi.

Tulimwomba mwanetu radhi. Tumetenga bahasha katika sanduku la bati, mbali na moshi na mchwa. Jana aliomba penseli.