Mizinga Arobaini au Mizinga Minane?

Wazee wetu walisema, "Fuata nyuki ule asali." Neno hili ni la kweli, lakini hawakusema kwamba afuataye nyuki wengi ndiye alaye asali nyingi. Nimepata habari kwamba chama cha wafuga nyuki hapa shuleni, ambacho kwa sasa kina mizinga minne tu nyuma ya shamba la mihogo, kinakusudia kuwa na mizinga arobaini kabla ya maua ya Septemba. Habari hii ilinifurahisha, maana nami nilikuwa mwanachama siku za masomo yangu, na sasa nafuga nyuki nyumbani kwangu Mantapala. Lakini hesabu hiyo siikubali, na naomba wanafunzi, pamoja na wenzangu tuliokwisha kumaliza shule, wazisikilize sababu zangu.

Haifai kumpinga mtu kabla ya kusema haki yake. Wanaotaka mizinga arobaini wana haki kubwa. Ni kweli kwamba mwaka 2022 serikali ya Zambia iliondoa karo katika shule zake, hata za sekondari. Lakini sare, viatu, madaftari na sabuni bado hununuliwa kwa fedha, na fedha hapa ni adimu. Wengi wetu tulivuka mpaka mwaka 2017 kwa sababu ya vita vya Haut-Katanga na Tanganyika, tukapokewa Kenani, kisha kuanzia mwaka 2018 tukapelekwa Mantapala kulima. Mwenye shamba dogo hawezi kuliongeza apendavyo. Nyuki hawaombi shamba, wala mbolea, wala palizi. Basi kijana akisema, "Mizinga minne imetupa sabuni, mizinga arobaini itatupa viatu," nani atamlaumu?

Mimi simlaumu. Nasema tu kwamba amehesabu mizinga, akasahau kuhesabu vitu vingine vitatu: ndoo, mikono na miti.

Nianze na ndoo, yaani jambo la kuitunza asali. Nyuki hawakusanyi asali katika maua; hukusanya mbochi, yaani yale maji matamu ya ua, na sehemu kubwa ya mbochi ni maji. Huyatia katika sega, hupiga mabawa usiku na mchana mpaka maji yamepungua, kisha hufunika vijumba vya sega kwa nta. Kifuniko hicho ndicho muhuri wao wa kusema kwamba kazi imekwisha. Asali nzuri haina maji zaidi ya sehemu 20 katika 100. Ikizidi hapo yaweza kuchacha, ikatoa povu na harufu ya pombe, na mnunuzi hairudii tena.

Huko Kanada, katika jimbo la Quebec, wako watu wanaotoboa mti uitwao mepli, ule ambao jani lake limechorwa katika bendera ya nchi yao, wakakinga maji yake matamu na kuyachemsha mpaka yawe kama asali. Baadhi yao hufanya kazi hiyo nyuma ya nyumba kwa kujifurahisha tu. Yatakiwa kadiri ya lita 40 za maji ya mti ili kupata lita moja ya asali yao. Mtu akitoboa miti mara kumi zaidi bila kuongeza sufuria, kuni na usiku wa kukesha, maji humharibikia katika ndoo. Sisi tuna bahati kwamba kazi ya jikoni tunafanyiwa na nyuki bila kuni. Lakini bahati hiyo ina sharti lake: tungoje mpaka wamefunika. Mwenye haraka hukata sega bichi, na papo hapo amegeuza kazi ya miezi mizima kuwa maji.

Sasa tazameni majira yetu. Miti mingi ya miyombo, kama muputu, huchanua karibu na Septemba hadi Novemba. Asali ya maua hayo huiva mvua zikianza kunyesha, na asali hunywa unyevu wa hewa kama chumvi. Mutondo huchanua baadaye, mvua zikielekea kwisha, na mavuno yake huwa na nafasi zaidi. Kwa hiyo mavuno ya mwisho wa mwaka ni mavuno ya haraka: siku kavu ipatikane, masega yakatwe, ndoo safi zenye vifuniko ziwe tayari, na asali ichujwe na kufungwa bila kukawia. Ndoo iliyowahi kutiwa rangi au mafuta ya gari haifai, maana asali huchukua harufu upesi. Je, chama kina ndoo ngapi? Niliambiwa mbili.

Jambo la pili ni mikono. Mwezi Novemba wanafunzi wa darasa la mwisho wamo katika mitihani yao, na mnamo Desemba shule hufungwa. Ni nani atakayerina mizinga arobaini? Mimi nina mizinga minane. Mwaka jana miwili haikuingiwa na nyuki hata mmoja, na sita iliyobaki ilinipa ndoo tatu za lita 20. Kurina mizinga hiyo sita, pamoja na ndugu yangu mmoja, kulituchukua jioni tatu, na kuchuja kulichukua siku nne. Fanyeni hesabu wenyewe. Tena mkumbuke kwamba nyuki wetu wa Afrika ni wakali. Mmoja akichoma huacha harufu inayowaita wenzake, na mizinga mingi ikiwa karibu na madarasa ya watoto, kosa la mtu mmoja huwa msiba wa wengi. Minne nyuma ya shamba la mihogo inavumilika. Arobaini yataka pori la mbali, na pori la mbali lataka mtu wa kulikagua, kwa sababu nyegere na siafu hawana likizo.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni miti. Nasikia kwamba kwa kuwa mbao ni ghali, mizinga yote mipya itakuwa ya magome. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kuvua gome la mti mzima pande zote, na mti uliovuliwa hivyo hufa. Mizinga thelathini na sita maana yake ni miti mikubwa kama thelathini na sita kufa kwa ajili ya chama kimoja cha shule, nayo ni miti ile ile ambayo maua yake tunayategemea.

Najua nitajibiwa kwamba huko Kabompo na Mwinilunga, katika Jimbo la Kaskazini-Magharibi, watu wametumia magome tangu zamani, na asali yao imefika mpaka Ulaya. Ni kweli, na nawaheshimu. Lakini pori lao ni kubwa mno, na tena wao huulinda msitu kwa sababu asali ndiyo mali yao. Pori letu la Nchelenge limepata watu wengi kwa muda mfupi. Wote twahitaji kuni, wote twajenga, wengine wachoma makaa. Kila mti tunaoua, mwenyeji aliyetupokea anauona. Wao huiita asali "ubuci", na walikuwa wakiirina kabla yetu. Ugomvi wa miti ukizuka, hautauliza ni chama gani kilichoanza.

Watu wa pwani ya Ziwa Mweru hawahitaji kufundishwa jambo hili. Hapo kale samaki aitwaye mpumbu alipanda Mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai, na watu walimvua kwa wingi katika safari hiyo hiyo. Nyavu zikaongezwa na biashara ikapanuka, hata kufikia katikati ya karne ya 20 makundi yale yalikuwa yamekwisha. Hakuna mvuvi aliyekusudia kummaliza mpumbu. Kila mmoja aliongeza wavu mmoja tu. Siku hizi uvuvi hufungwa kila mwaka tangu Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane, na wavuvi wengi hulalamika, lakini sababu yake wanaijua. Basi sisi wafuga nyuki tujifungie wenyewe kabla ya kufungiwa.

Mtaniuliza, "Wewe unataka tufanye nini?" Nataka mizinga minane, yaani minne mipya tu, nayo iwe ya mbao. Ule mzinga wa Kenya, uliobuniwa miaka ya 1970, ni sanduku lenye mbavu za mshazari, na juu yake hupangwa vipande vya mbao vyembamba vyenye upana wa milimita 32. Nyuki hujenga sega moja chini ya kila kipande. Mrina asali huinua kimoja kimoja, akakata sega lililofunikwa, akawaachia nyuki majana yao na akiba ya chakula. Fundi yeyote awezaye kutengeneza dawati aweza kuutengeneza, hata kwa mbao za makreti yaliyovunjika. Waya za kutundikia zipakwe grisi ili siafu wasipande, na vile vipande vya juu visuguliwe nta ili harufu yake iwaite nyuki.

Kila kundi la mizinga minne lipewe ndoo tatu zenye vifuniko na wanachama wanne waliofundishwa, wawili kati yao wakiwa wa madarasa ya chini, wasio na mitihani. Asali iuzwe kwa kupimwa uzito. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, na ndoo ya lita 20 hufika kama kilo 28. Auzaye lita kwa bei ya kilo hujipunja mwenyewe. Nta nayo isitupwe, kwa kuwa ni mali isiyooza. Minane ikiisha kuvunwa vizuri, bila ndoo hata moja kuchacha, hapo mwaka wa pili tuweke kumi na sita. Kwa mwendo huo arobaini itafika, nasi tutakuwa na watu wanaojua kazi na wanunuzi wanaotuamini.

Wanafunzi wenzangu wa zamani, mlio Nchelenge, Kashikishi na kwingineko, nanyi mna sehemu yenu. Badala ya kukisifu chama kwa maneno, kila mmoja alete ubao mmoja au ndoo moja yenye kifuniko. Nanyi vijana mlio shuleni msidhani kwamba nawarudisha nyuma. Viatu mnavyovitaka nawatakia mvipate, lakini nawatakia pia kwamba wadogo zenu, watakapokuja kusoma hapa, wakute miti ya miyombo ikichanua mwezi wa Septemba, na jina la asali ya shule yetu likiwa bado zuri sokoni.