MCA Wakichapana Ngumi, Ganjoni Inapata Nini?

Wasee wa Ganjoni, tuseme ukweli. Clip ya MCA wanarushiana ngumi ikitua kwa simu saa mbili usiku, uko maskani na viazi karai vyako, huipiti. Unaiangalia mara mbili, unaitupa kwa group ya mtaa, unaandika "hawa ndio viongozi kweli?" halafu unarudi kwa mechi. Asubuhi mtaro wa nyuma ya flati bado umeziba.

Swali ambalo watu hawaulizi chini ya hizo clip ni moja tu. Walikuwa wanapigania nini?

Twende Nairobi kwanza, kwa sababu ndio walitufunza hii sinema. Septemba 2018 MCA wa Nairobi walimpigia spika wao, Beatrice Elachi, kura ya kumtoa. Mama akaenda kortini. Oktoba 2019 akarudi ofisini na polisi, na City Hall ikageuka uwanja wa vita: vitoa machozi, watu wanakimbia kwenye korido, viti vinaruka. Agosti 2020 akajiuzulu mwenyewe. Miaka miwili ya vurugu, na ukitoa makelele yote, kitu kilichokuwa mezani kilikuwa kiti. Nani akalie kile kiti, nani aingie kamati gani, nani aisimamie bajeti ya bunge lenyewe. Taka za Eastleigh hazikuwa kwenye ajenda.

Meru ikawa nyingine. MCA walimtimua Gavana Kawira Mwangaza Desemba 2022, Seneti ikamwokoa. Oktoba 2023 wakajaribu tena, Seneti ikamwokoa tena. Agosti 2024 mara ya tatu ikamshika, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikakubali aende. Ile vita ilikuwa chafu, matusi kila wiki, lakini angalau hapo MCA walikuwa wanatumia meno waliyopewa na sheria: theluthi mbili ya wajumbe wakikubaliana, gavana anaenda kujitetea mbele ya maseneta. Kama walikuwa sawa au la, hiyo ni story ya watu wa Meru.

Sasa njoo Septemba 2025. MCA wa Nairobi wamekusanya sahihi za kumng'oa Sakaja. Mojawapo ya malalamiko makubwa ni pesa za wadi na basari kuchelewa. Mtaa unangoja moto. Ghafla Rais Ruto na Raila Odinga, aliyekuwa bado hai, wakaingilia kati, hoja ikawekwa kando, kila mtu akarudi nyumbani. Wewe ulionaje? Mimi niliona kitu kinachoeleza karibu kila ugomvi wa bunge la kaunti hapa Kenya.

MCA hana mkwanja mkononi. Mbunge wa Mvita ana NG-CDF, anaweza kusimama mbele ya shule aseme hili darasa ni langu. MCA wako ana mdomo na kura. Pesa za taa, mitaro, zahanati na barabara za ndani ziko kwa serikali ya kaunti, kwa gavana na mawaziri wake. Lakini wewe ukikutana na MCA pale dukani humuulizi kuhusu sheria ndogo za kaunti. Unamuuliza mtaro, unamuomba basari, harambee ya mazishi, fare. Kwa hivyo anatafuta pesa za wadi, na silaha yake ni kutishia: kuzuia bajeti, kumtikisa waziri, kuokota sahihi za gavana. Kutisha kukilipa, anatulia. Kusipolipa, ndio unaona ile clip.

Tuje nyumbani. Mombasa ina wadi 30, na Mvita ina 5: Mji wa Kale/Makadara, Tudor, Tononoka, Majengo na yetu, Shimanzi/Ganjoni. Unakumbuka 2022, tulimchagua MCA tarehe 9 Agosti lakini gavana tukamchagua tarehe 29, kwa sababu karatasi za kura za ugavana zilikuwa zimechanganyika. Siku 20 tulikuwa na MCA mpya bila gavana mpya. Mambo ya Mombasa hayo.

Baada ya pale kukawa shwari. Gavana Abdulswamad Nassir ni ODM, viti vingi bungeni ni ODM, na spika Aharub Khatri alirudi kwa muhula wa pili. Ukilinganisha na Meru, sisi ni kama bahari ya Kaskazi. Kuna watu wanaona hiyo ndiyo heshima ya Pwani, kwamba watu wetu hawachapani hadharani. Sawa, mimi pia sitaki kuona mtu mzima akivuliwa shati kwenye TV. Lakini wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kazi ya bunge la kaunti kwa Katiba ni kuikagua serikali ya kaunti. Kama mkaguzi na anayekaguliwa wote wanategemea tiketi ya chama kimoja, ni nani atakayeanza kuuliza maswali magumu mwaka mmoja kabla ya uchaguzi? Sisemi kuna aliyenunuliwa. Nasema hesabu yenyewe inamfanya MCA aogope nomination kuliko anavyokuogopa wewe.

Na hii tabia haikuanza na kaunti. Kabla ya 2013 tulikuwa na Manispaa pale Treasury Square, na madiwani ndio walimchagua meya kati yao. Muulize mzee yeyote anayekunywa kahawa chungu jioni akuambie siasa za kura za meya zilikuwaje nchi hii, madiwani wanafichwa hotelini hadi asubuhi ya kupiga kura ili upande wa pili usiwafikie. Tulibadilisha jina la kazi. Njaa ya kazi ikabaki ileile.

Je, wakikosa adabu kuna wa kuwashika? Kuna sheria ya 2017 ya mamlaka na kinga za mabunge ya kaunti. Inalinda kile MCA anasema ndani ya bunge, na pia inaunda kamati ya kuwahukumu wakivuka mpaka. Shida, hiyo kamati ni wao kwa wao. Leo unamhukumu mwenzako, kesho unahitaji kura yake. Katiba nayo, kifungu cha 194, inasema MCA akikosa vikao vinane bila ruhusa ya spika kwa maandishi, kiti kinaenda. Ruhusa ya spika, skiza hapo.

Inabaki wewe. Sheria ya Serikali za Kaunti inakuruhusu kumrudisha nyumbani MCA wa wadi yako kwa utovu mkubwa wa nidhamu, kushindwa kazi au kuvunja Katiba. Unahitaji sahihi za asilimia 30 ya wapiga kura waliosajiliwa kwenye wadi. Huwezi kuanza kabla ya miezi 24 tangu uchaguzi, na huwezi ikibaki miezi 12 kufika uchaguzi mwingine. Kwa hawa wa 2022, dirisha lilifunguliwa Agosti 2024 na linafungwa Agosti 2026. Lakini IEBC haikuwa na makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Yaani karibu nusu ya dirisha letu ilipita hakuna mtu ofisini wa kupokea hizo karatasi. Na wale wa kuteuliwa, wale mtaa unawaita bonga points, hawaguswi kabisa na hiyo sheria kwa sababu hawana wadi.

Halafu fikiria hiyo asilimia 30 kwa wadi yetu. Shimanzi ni maghala na matangi ya mafuta. Ganjoni ni flati zenye geti, soja na kengele, na wapangaji ambao wengi wamejiandikisha kura Kisauni, Likoni au bara kwa wazazi. Juzi maskani niliuliza nani kati yetu anapigia kura hapa. Tulikuwa saba. Mikono miwili ikainuka, mmoja akashusha wake akasema ngoja, mimi bado ni wa Changamwe.