Mnunuzi aliyelaghaiwa asinyamaze

Mkulima wa Lalago, katika Wilaya ya Maswa, anaponunua mfuko wa mbegu za mahindi hanunui mbegu tu. Ananunua msimu mzima. Mbegu ile ikiwa ni nafaka ya kawaida iliyopakwa rangi, bei ya mfuko ndiyo hasara iliyo ndogo kuliko zote. Jasho la kulima limepotea, mvua za kupandia zimepita, na ghala litakaa tupu. Ndivyo ilivyo pia kwa yule anayenyunyizia pamba yake dawa isiyoua hata mdudu mmoja.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mtu wa namna hiyo akienda kwa mtendaji au kwa mwalimu kutaka ushauri, mara nyingi huambiwa, "Ndiyo biashara hiyo, ndugu yangu, mwakani ununue kwingine." Jibu hilo si ushauri. Ni kumpa mlaghai leseni ya msimu mwingine.

Sheria za nchi yetu hazisemi hivyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Mnunuzi akimweleza mfanyabiashara wa bidhaa hizo matumizi anayoyakusudia, na akategemea ujuzi wake, bidhaa sharti iyafae matumizi hayo. Isipokuwa hivyo, mnunuzi aweza kuikataa na kudai fedha yake. Akiwa amekwisha kuitumia, bado aweza kudai fidia. Na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiishii kwenye bei ya mfuko: inaruhusu fidia kwa hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa makubaliano.

Kwa hiyo haimsaidii muuzaji kusema kwamba hata yeye alidanganywa na aliyemletea mzigo. Kwa mnunuzi wake anawajibika. Naye amfuate aliyemuuzia.

Endapo muuzaji alijua kuwa anadanganya, jambo linavuka mpaka wa madai na kuwa jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaweka kifungo kinachoweza kufikia miaka 7 kwa anayejipatia mali kwa udanganyifu. Hapo ni kazi ya polisi, na mahakama ikimtia mtu hatiani yaweza pia kuamuru alipe fidia. Tunalisisitiza hili kwa kuwa wako wanaodhani kwamba mtu akichagua njia moja ameifunga nyingine. Sivyo.

Tena, ziko taasisi zilizoundwa kwa kazi hii. Kwa mbegu, iko Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu, TOSCI. Kwa dawa za mimea, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kwa mizani na lumbesa, Wakala wa Vipimo. Kwa bidhaa bandia na maelezo ya uongo, Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Taasisi hizi zaweza kukagua duka na kuzuia bidhaa isiwafikie wengine, jambo ambalo mnunuzi mmoja hawezi kulifanya.

Lakini sheria haina macho ila yale inayopewa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mbegu yaweza kukosa kuota kwa ukame au kwa kufukiwa mno, na muuzaji atakuwa wa kwanza kuyasema hayo. Anayetaka haki sharti awe na risiti. Na kama hana, basi walau karatasi iliyoandikwa jina la muuzaji, bidhaa, bei na tarehe. Asitupe mfuko wala lebo yake. Abakize punje chache. Na amwite ofisa ugani mapema, shamba lingali likionekana lilivyo, aandike taarifa. Atakayesubiri mpaka mwezi wa mavuno atakwenda mahakamani na maneno matupu.

Si mara ya kwanza Usukuma kukabiliwa na jambo la namna hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba walilalamika kwamba wanunuzi wanawapunja katika mizani. Hawakulia tu. Walijipanga, wakaweka watu wao wa kuangalia mizani, na juhudi hizo, zilizoongozwa na Paul Bomani, zikazaa vyama vya ushirika vilivyoungana kuwa VFCU mwaka 1955. Wakati ule aliyepunjwa alikuwa muuzaji. Leo ni mnunuzi. Dawa ni ile ile: kuweka kumbukumbu na kusimama pamoja. Wanunuzi kumi wa duka moja wakipeleka lalamiko moja lenye lebo kumi, ni vigumu kuambiwa kwamba wote walifukia mbegu vibaya.

Hapa ndipo tunapomgeukia mtumishi wa umma na mwalimu. Mahakama ya Mwanzo huendesha mashauri yake kwa Kiswahili, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria. Kilichobaki ni mtu wa kumwandikia jirani yake barua ya ukurasa mmoja, kumsomea tarehe iliyo kwenye lebo, na kumwelekeza ofisi inayohusika. Kazi hiyo haihitaji bajeti wala semina. Inahitaji nusu saa ya mtu aliyesomeshwa kwa jasho la huyo huyo mkulima.

Msimu haurudi nyuma. Siku mkulima atakapofika mlangoni na mfuko mtupu mkononi, asiambiwe kwamba ndiyo biashara. Akaribishwe kiti, na kalamu itafutwe.