Tuache kuwarushia wadogo zetu majibu ya kemia

Najua nimepotea, pepa za semesta zilinibana. Sasa niko nyumbani Kasoli, kwetu Bariadi, mkoani Simiyu, nakula likizo na viazi vitamu. Leo sina stori za hosteli wala za bumu. Leo nina hasira, na nusu ya hasira hiyo najielekezea mwenyewe.

Iko hivi. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Muhula mzima alikuwa ananitumia maswali ya kemia kwa simu ya mama. Mimi nafanya chapchap, napiga picha, narusha. Kazi za nyumbani akawa anapata zote. Mtihani ulipokuja akapata 11 kwa 100. Juzi ananiambia, "Kaka, sayansi naacha. Kemia ina wenyewe." Na huyu ndoto yake ni uuguzi! Bila kemia atausikia redioni tu.

Nikamwambia lete daftari. Swali: gramu 25 za kalsiamu kaboneti, yaani chokaa, zimewekwa kwenye asidi ya haidrokloriki, na asidi iko "excess". Tafuta ujazo wa kaboni dayoksaidi kwenye s.t.p. Dogo akazidisha 25 kwa 22.4, akaandika lita 560, akapiga mstari chini mara mbili. Jamani, lita 560 ni madumu 28 ya lita 20, kutoka kwenye chokaa ya kujaa kiganja! Wala hakushtuka. Angeshtukaje, wakati mimi nilimzoesha kunakili namba?

Nikamuuliza, "excess" maana yake nini? Kimya. Halafu kwa sauti ndogo: "Si uzito wa asidi, kaka?"

Tukaweka Kiingereza pembeni. Fundi baiskeli ana fremu 10 na magurudumu ya kumwaga. Atatoa baiskeli ngapi? "10." Mbona hujauliza magurudumu yako mangapi? "Si yamezidi, kaka! Fremu ndizo zitakazoisha." Basi hiyo ndiyo "excess". Na mlinganyo unasema hivyo hivyo: chokaa 1, asidi 2, inatoka gesi 1. Fremu 1, magurudumu 2, baiskeli 1.

Moli nayo si mdudu. Dazeni ni vitu 12, moli ni vitu 6.02 × 10²³. Tangu Mei 2019 hata wanasayansi wanaitafsiri moli kwa idadi kamili ya vitu, basi. Moli moja ya chokaa ni 40 + 12 + 48, gramu 100. Kwa hiyo gramu 25 ni robo moli. Robo moli ya chokaa inatoa robo moli ya gesi. Moli nzima ya gesi tunaihesabu lita 22.4, robo yake je? Dogo akajibu bila kalamu: "5.6."

Sasa najua kuna watakaosema, mtihani ni wa Kiingereza, unampoteza mtoto. Kweli, mtihani ni wa Kiingereza. Lakini huyu kasoma shule ya msingi miaka 7 kwa Kiswahili, kisha sekondari akakutana na lugha mpya na moli kwa pamoja. Akifeli tunasema hana kichwa cha sayansi. Kichwa anacho, kwenye baiskeli hakukosea! Aelewe kwanza, halafu neno la Kiingereza alibandike juu ya kitu anachokijua. Ukianza na neno tupu, unafuga kasuku.

Na sisi wa chuo tusijifanye wasafi. Tunadesa, tunameza, tunapasi, tunasahau. Halafu tunawarithisha wadogo zetu ugonjwa huo huo na kuuita msaada. Mimi nimefanya hivyo muhula mzima na nusura nimtoe mtu kwenye uuguzi.

Kwa hiyo likizo hii, mdogo wako akileta swali, usimpe jibu. Muulize matatu: kipi kitaisha kwanza? Ni moli ngapi? Jibu lako linaingia akilini? Mkae hapo hata saa nzima.

Dogo hajaamua bado kama anabaki sayansi. Ila jana usiku kanigongea mlango na daftari: "Kaka, nipe lingine. Usinionyeshe."

Nawasilisha. Tukutane chuo, Mungu akipenda.