Posta ya Machakos Ilianzia Miguuni

Mtu akisimulia asili ya posta ya Machakos huanza na Mzungu na stempu yake. Mimi sikubali. Ni kweli kampuni ya Kiingereza, IBEA, ilifungua boma pale mwaka 1889, na mwaka 1890 ikatoa stempu zake Mombasa. Lakini stempu haina miguu. Reli haikuanza kujengwa mpaka 1896, na ilipofika Nairobi mwaka 1899 ilikuwa imekwisha iacha Machakos kando.

Basi barua zilikwendaje? Kwa tarishi na misafara, ndugu msomaji. Kwa miguu, zaidi ya kilomita 400 kutoka pwani, kupitia nyika ya Taru ambako maji ni ya kubahatisha. Tena kupeleka waraka bara halikuwa jambo geni kwetu: wazee wetu wakiandikiana kwa herufi za Kiarabu zamani, kabla ya Kampuni.

John Ainsworth, bwana mkubwa wa boma tangu 1892, jina lake limo vitabuni. Ya matarishi nani ayajuaye? Ningependa posta ile itundike kibao ukutani, kiwataje japo kwa kazi yao.